Kamati ya Mkongani: nani ana nauli ya kujitolea?

Ukipita barabara kuu ya Likoni kwenda Lungalunga, Mkongani huioni. Iko upande wa pili wa Milima ya Shimba, mbali na mahoteli ya Diani na ufuo ambao wageni huja kuupiga picha. Ni moja kati ya wadi tano za eneo bunge la Matuga, pamoja na Tsimba Golini, Waa, Tiwi na Kubo Kusini. Wakazi wake wengi ni Wadigo na Waduruma, na riziki yao kubwa ni shamba: mahindi, mihogo, minazi, mikorosho, michungwa. Mahindi yakikaribia kukomaa, mchana wanafukuza nyani na usiku wanafukuza ndovu wanaotoka katika hifadhi ya milima hiyo.

Nimeichagua Mkongani makusudi ili nizungumzie jambo ambalo huamuliwa upesi upesi katika wadi zote 20 za Kaunti ya Kwale, na ambalo matokeo yake hudumu miaka. Ni suala la nani ateuliwe kukaa kwenye kamati za maendeleo, kazi isiyo na mshahara.

Kamati hizo ni nyingi kuliko anavyodhani mtu wa mjini. Kuna ya maji, ya zahanati, ya basari, ya soko, ya usimamizi wa mradi wa barabara au darasa. Siku hizi kuna na ya mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu mpango wa kitaifa wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine, unataka kila wadi iwe na kamati yake ya kupanga miradi kabla fedha hazijatoka. Kwa maneno mengine, shilingi nyingi za umma zinazofika kijijini hupitia mikononi mwa watu ambao hawajaajiriwa na mtu, wameombwa tu wasaidie. Wao ndio husema kisima kichimbwe Mwaluphamba au kwingine, mtoto wa nani apate basari, mwanakandarasi amemaliza kazi au amelipua.

Basi hebu tutazame wanavyopatikana.

Tangazo hutolewa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na kwenye vikundi vya simu. Baraza ni saa tatu asubuhi kwa chifu. Saa tatu wanakuwapo wazee wachache na kina mama waliotoka mapema. Maafisa wanafika saa tano kwa sababu gari lilikuwa na shughuli nyingine. Karatasi ya mahudhurio inapitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Hotuba zinaanza. Ajenda ya kuchagua kamati huwa ya mwisho, na ikifika saa saba, nusu ya kina mama wameshaondoka, kwa kuwa maji hayajatekwa na watoto wanarudi kutoka shule. Anayependekeza anapendekeza, mwingine anaunga mkono, makofi yanapigwa. Katika muda wa robo saa kamati ya watu tisa imekamilika, na ile karatasi ya mahudhurio, yenye sahihi za watu ambao hawakuwapo wakati wa kuchagua, inaambatishwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Waliochaguliwa ni kina nani? Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, mwenye duka, aliyekuwa wakala wa mgombea katika uchaguzi uliopita, na kijana mmoja anayejua kutumia kompyuta. Mwanamke anaingia kama mweka hazina kwa sababu Katiba, kifungu cha 27, inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa. Sina ugomvi na mwalimu mstaafu. Bila yeye, kamati nyingi Kwale zingekosa mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Ninachouliza ni kwa nini ni yeye kila mara, na kwa nini mama anayeuza mihogo sokoni, ambaye zahanati ikikosa dawa yeye ndiye huumia kwanza, hafiki kwenye kiti hicho.

Jibu langu ni nauli. Utasikia maelezo mengine: watu hawana mwamko, kina mama wana haya, vijana wanataka pesa za haraka. Lakini fuatilia mwanakamati mmoja kwa mwezi na utaona. Anaitwa Kwale mjini kwa mafunzo, anaitwa kukagua mradi kijiji cha mbali, anaitwa benki kutia sahihi. Kila wito ni bodaboda kwenda na kurudi, siku ya kibarua iliyopotea, na chakula cha mchana asipokipata huko. Mwenye pensheni anaweza. Mwenye duka anamwacha mkewe kaunta. Anayelipiwa na mwanasiasa anaweza zaidi ya wote. Mama wa mihogo hawezi, na yeye mwenyewe anajua, kwa hivyo akipendekezwa barazani anatikisa kichwa na kusema ana shughuli. Hapo uteuzi umeshafanyika kabla ya makofi.

Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, na hakuna anayelijua hilo kuliko mwanasiasa wa Pwani. Pale serikali inaposhindwa kumrudishia mwanakamati nauli yake, yupo atakayemrudishia, naye atataka kitu. Ataitaka orodha ya basari kabla haijabandikwa. Atataka tangi la maji liwekwe karibu na kwao. Kamati ambayo wananchi wanaiona yao inakuwa ya mtu mmoja, na hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi.

Miji ya kaunti hii imepewa utaratibu ulio bora kidogo. Kwale na Diani ni manispaa, na manispaa huongozwa na bodi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2019. Sheria hiyo inataka baadhi ya wanabodi wapatikane kwa ushindani, na wengine wapendekezwe na makundi: wanataaluma, sekta binafsi, jua kali, vyama vya wakazi wa mitaa. Majina hupelekwa bunge la kaunti yapigwe msasa. Mwanabodi anahudumu muhula wa miaka mitano, si kazi ya kutwa, na halipwi mshahara ila marupurupu yaliyoidhinishwa. Lazima awe na uhusiano na mji wenyewe, kwa makazi au kwa biashara. Muuzaji wa vinyago pale Diani ana pa kupeleka jina lake kupitia chama chake, angalau kwenye karatasi.

Benki ya Dunia ilisukuma jambo hili kwa nguvu. Mpango wake wa kusaidia miji ya Kenya ulioanza mwaka 2017 uligusa miji 59 katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, na sharti mojawapo la kupata fedha lilikuwa mji uwe na mkataba wa manispaa na bodi iliyoteuliwa. Magavana wengi ambao hawakuwa na haraka ya kugawana madaraka na bodi walipata haraka ghafla. Naiona hiyo kuwa ishara nzuri: fedha zikifungwa na uteuzi wa haki, uteuzi hufanyika.

Mkongani haina manispaa. Iliyo nayo ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, ambayo inazungumzia msimamizi wa wadi, msimamizi wa kijiji, na baraza la kijiji lenye wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano, wateuliwe kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Ni kifungu kizuri. Ila wazee watatu au watano hawawezi kubeba kamati zote nilizotaja, na kamati hizo kila moja ina mwongozo wake, kutoka wizara yake, wenye masharti yake. Mkazi wa kawaida hawezi kujua ipi ina muhula wa miaka mitatu na ipi haina muhula kabisa. Matokeo yake mtu anachaguliwa akiwa kijana na anazeeka akiwa mwenyekiti.

Watu wa huku walikuwa na mabaraza kabla ya serikali yoyote. Katika kaya za Mijikenda, wazee wa ngambi walikaa wakaamua mambo ya ardhi, ndoa na msitu, na kila mtu alijua nani yumo na aliingiaje. Sidai turudi huko. Ngambi haikuwa na kiti cha mwanamke wala cha kijana. Lakini haikuwa na siri kuhusu wanachama wake. Kisha zikaja kamati za serikali. Mwaka 1983 utawala wa Rais Daniel arap Moi ulianzisha mpango wa kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo, na kukawa na kamati za wilaya, tarafa, lokesheni na kata ndogo, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti. Mwananchi alikaa kwenye benchi la nyuma akasubiri kuambiwa. Tabia nyingi za mabaraza ya leo, pamoja na ile ya kumsubiri afisa saa mbili nzima bila kuguna, ni za enzi hizo.

Mwaka huo huo wa 1983, hapa hapa Kwale, kulianza jambo la kinyume kabisa, na nasikitika kwamba vijana wengi wa kaunti hii hawalijui. Ni mradi wa pampu za mkono wa Pwani Kusini. Serikali ya Kenya, Sida ya Sweden, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwa wakitafuta pampu ambayo mwanakijiji anaweza kuitengeneza mwenyewe, na kazi ya kuandaa jamii wakapewa KWAHO, shirika la Kikenya la maji na afya. Pampu ya Afridev, ambayo leo inapatikana katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia, ilijaribiwa na kurekebishwa katika visima vya huku.

Ukiifungua Afridev utaelewa kwa nini ilihitaji kamati. Spana moja inatosha kufungua kichwa chake. Mkono hukalia bushi za plastiki, ambazo huliwa polepole kila mtu anapopampu. Chini kabisa, ndani ya bomba, kuna kipande cha mpira chenye umbo la kikombe kinachoshika maji yasirudi; kikichakaa, mtu anapampu mara 20 kabla tone halijatoka. Mpira huo ni wa bei ndogo. Lakini lazima mtu awe amekusanya hiyo bei ndogo kabla haujachakaa, awe ameiandika, na awe na mahali pa kuiweka. KWAHO walisisitiza kwamba kila kisima kiwe na kamati yake, kwamba wanawake wawemo, na kwamba fedha washike wanawake. Wanawake walifundishwa kufungua pampu, kutoa vyuma na kubadilisha mipira. Katika jamii ambayo mwanamke alikuwa hasemi mbele ya wazee barazani, wakawa wao ndio wanaotoa hesabu.

Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia visima hivyo na wakatumia madaftari ya michango ya kamati zenyewe kuona nani alilipa, lini, na kwa nini aliacha. Nafikiria hayo madaftari kwa heshima kubwa. Mtu asiyelipwa chochote aliandika michango ya jirani zake mwaka baada ya mwaka, akahifadhi daftari lisiliwe na mchwa. Hata hivyo hadithi haikuwa ya ushindi mtupu. Kamati nyingine zilichoka, michango ikalegea, pampu zikalala zimeharibika. Ndiyo sababu siku hizi ipo huduma ya FundiFix, Kitui na Kwale, ambapo jamii hulipa ada na fundi wa kazi hiyo huja kutengeneza. Kamati inabaki kusimamia, haikimbizani tena na vipuri. Kwangu mimi huo ni uungwana: kumwondolea mtu wa kujitolea mzigo ambao ungepaswa kubebwa na mwenye kulipwa.

Mfano ulio hai zaidi uko Gazi, katika eneo la Msambweni. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, unalinda takriban hekta 117 za mikoko na unasimamiwa na kamati ya wakazi wa Gazi na Makongeni waliochaguliwa na wanavijiji wenzao. Mapato ya mwaka yakija, baraza linaitwa na watu wanaamua yaende wapi. Yamekwenda kwenye maji na kwenye vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sifa za mikoko zimeandikwa sana. Mimi nawasifu wanakamati kwa jambo dogo zaidi: mtoto wa shule akipewa kitabu, mzazi wake alikuwapo, au angeweza kuwapo, siku kitabu kile kilipoamuliwa.

Serikali yenyewe imeshakubali, katika idara moja, kwamba kujitolea kuna gharama. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa jamii walitembea nyumba kwa nyumba kwa shukrani tu. Kaunti chache ziliwapa kitu, nyingi hazikuwapa. Mwezi Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji afya 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba ya vifaa, simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Posho hucheleweshwa, na malalamiko ni halali. Lakini leo mama anaweza kukubali kazi hiyo bila kuogopa kwamba watoto watalala njaa. Mzee wa mtaa, ambaye chifu hawezi kufanya kazi bila yeye, bado anasubiri siku yake.

Natambua pingamizi. Wapo wanaosema ukianza kulipa, wanaokuja ni wenye njaa ya posho, na moyo wa harambee unakufa. Nimeona mikutano iliyojaa siku ya posho na kuwa mitupu siku isiyo na posho, kwa hiyo sidharau hoja hii. Ndiyo maana sizungumzii mshahara. Nazungumzia nauli, chakula cha mchana, na muda wa maongezi wa simu, vilipwe kwa kiwango kinachojulikana na kila mtu, kibandikwe ukutani kwa chifu. Mtu hatajirikii nauli ya bodaboda. Anachopata ni uhuru wa kutomdai mwanasiasa.

Nauli peke yake haitoshi, na hapa Makueni wana la kutufundisha. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti hiyo ilijenga ngazi za kamati kuanzia kijijini hadi wadi, na kamati ya mradi ikapewa mamlaka halisi: mwanakandarasi halipwi mpaka wanakijiji waliochaguliwa watie sahihi kwamba kazi imekamilika inavyopaswa. Sahihi hiyo ndiyo inayomfanya mwanakamati aheshimiwe. Mtu anaweza kuacha shamba lake siku moja ikiwa anajua kwamba neno lake lina uzito. Hatoki nyumbani mara mbili kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki na kupiga makofi.

Majirani zetu Watanzania nao wameliweka wazi. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, wanawake wakiwa angalau robo, na huchaguliwa kila baada ya miaka mitano na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni watu wazima wote wa hapo. Wana matatizo yao, hasa ya vyama kuingilia, lakini hakuna anayeuliza muhula wa mjumbe unaisha lini.

Kwa Mkongani ningependa yafuatayo yafanyike, na hayahitaji sheria mpya kutoka Nairobi. Siku ya uteuzi uchaguzi uwe ajenda ya kwanza, kabla ya hotuba, wakati kina mama bado wapo. Majina yapatikane vijijini kwanza, kila kijiji kilete wake, badala ya kutungwa papo hapo. Watu wasimame nyuma ya wanayemtaka au wapige kura ya karatasi, makofi hayahesabiki. Majina ya waliochaguliwa, kijiji wanachotoka na tarehe ya kumaliza muhula yabandikwe kwa chifu, sokoni na zahanati. Mtu mmoja asikae kwenye kamati zaidi ya mbili. Msimu ndovu wanapokuwa mashambani, mikutano isiitwe asubuhi na mapema, kwani waliokesha wakilinda mahindi ndio hao hao tunaowataka waje.

Na mtu mwenye ulemavu asiitwe tu ili nafasi ijazwe. Sheria ya hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ya mwaka 2015 inataka awemo kwenye kamati. Basi mkutano ufanyiwe mahali anapoweza kufika, na nauli yake ihesabiwe pamoja na ya anayemsindikiza.

Kaunti ya Kwale inao uwezo wa kufanya hivi. Ilikuwa na watu 866,820 katika sensa ya 2019, na kwa miaka kadhaa imejulikana nchini kwa kuweka fedha nyingi kwenye basari za wanafunzi. Bajeti inayoweza kusomesha maelfu ya watoto haiwezi kushindwa na nauli ya wanakamati wa wadi 20.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya kupitishwa wananchi lazima wasikilizwe. Wakazi wa Mkongani, mtaitwa. Barabara mtaitaja, na maji, na dawa za zahanati, kama kila mwaka. Safari hii mwambieni karani aandike na jambo hili: fungu la nauli na chakula kwa wanakamati wa wadi, kiwango chake na tarehe ya kulipwa. Kisha msiondoke mpaka amewasomea alichoandika.